Geti la shemeji kule Bukavu

Mwaka 2023, hapa Portland, jimbo la Maine, Marekani, ukumbi wa mpira wa kikapu uitwao Expo uligeuzwa malazi ya waomba hifadhi, wengi wao kutoka Kongo na Angola. Nilikuwa nakwenda jioni kutafsiri na kuwasaidia kujiandaa kwa kazi. Nilianza vibaya: niliwauliza watu, "Una uzoefu gani wa kazi?" Karibu wote walisema hawana. Baba mmoja wa Bukavu alinijibu hivyo hivyo, kisha katika mazungumzo akanitajia geti alilomchomelea shemeji yake. Uchomeleaji, kumbe, ndio uliomlisha maisha yote! Siku hizi nauliza: "Papa, kule nyumbani kikiharibika nini ndipo majirani walikuwa wanakuita?"

Ukishajua ufundi wa mtu, usimkimbize kutafuta kazi. Sheria ilimtaka awasilishe ombi la hifadhi, ahesabu siku 150 ndipo aombe kibali cha kazi, na kibali chenyewe hakikuweza kutoka kabla ya siku 180. Kumtafutia kibarua cha chinichini kwa huruma ni kumtia matatani.

Tumieni miezi hiyo kwenye ufundi wenyewe. Yule baba alizoea milimita. Karakana za huku zinapima kwa inchi, tena inchi moja imegawanywa mara kumi na sita. Jioni tatu tulipima meza, viatu na vitanda kwa futi kamba, watoto wakitucheka. Majina ya vifaa kwa Kiingereza aliyashika upesi kuliko salamu. (Wauguzi na walimu wana safari ndefu zaidi: vyeti vitafsiriwe, vilinganishwe. Waanze mapema.)

Halafu anwani. Agosti Expo ilifungwa, familia zikapelekwa hoteli za Freeport na Lewiston. Kibali huja kwa posta, na anayehama anatakiwa kuwaarifu uhamiaji ndani ya siku 10. Asipofanya hivyo, bahasha inakwenda kwenye ukumbi mtupu. Sisi tuliomba kanisa lipokee barua zake, na anwani hiyo hiyo tukaiandika kwenye maombi ya kazi. Mwajiri hana haja ya kujua mtu analala wapi.

Na picha, msizisahau. Shemeji alilipiga geti picha, akazituma kwa WhatsApp. Siku ya usaili msimamizi hakuuliza sana kuhusu Kiingereza. Aliikuza picha moja kwenye simu, akakodolea macho maungio, akamwita mwenzake aje aone.