Waanze na makala ambayo tayari ipo

Mwalimu, kwa kuwa kikundi chako hakijawahi kushika kompyuta na kinataka kuandika Wikipedia ya Kiswahili, ruka lile somo la sehemu za kompyuta. Litawasinzisha tu. Fungua makala ya wilaya yao, watafute neno lililokosewa, wabonyeze "Hariri", wasahihishe herufi, wahifadhi. Kipanya na kibodi watavizoea humo humo.

Kisha waoneshe historia ya ukurasa: kila badiliko lina saa na aliyelifanya, na ukurasa ukiharibika unarudishwa ulivyokuwa. Hapa usiwe na haraka. Watu wazima wengi hawagusi kitu kwa kuogopa "kuharibu mtandao", na woga huo hauondoki kwa maneno, mpaka wafute aya nzima kwenye ukurasa wa mazoezi na kuirudisha wenyewe. Ctrl+Z, ya kutengua ulichofanya sasa hivi, iwe siku hiyo hiyo.

Alama za kuandikia Wikipedia ni chache: ukiandika [[Dodoma]] unapata kiungo cha makala ya Dodoma, basi. Ila wakishaonja Ctrl+C (kunakili) na Ctrl+V (kubandika) watabandika habari nzima ya gazeti, nayo itafutwa kwa sababu ya hakimiliki. Wasome, wafunge, waandike kwa maneno yao, wataje chanzo.

Halafu akaunti wafungue mapema, kila mtu kwa simu na bando lake. Wikipedia ina kikomo cha akaunti mpya kwa siku kutoka anwani moja ya intaneti, kwa hiyo darasa zima likijisajili kwa Wi-Fi moja, wa mwisho watagomewa.