Alhamisi, saa kumi na mbili jioni

Wadogo zangu mnaoanza kazi huku Ulaya kwenye kumbi za padeli, ule mchezo wa raketi wa wawili kwa wawili ndani ya kuta za vioo, wiki iliyopita nimemkuta mmoja wenu mapokezini, kijana wa Mombasa, mchapakazi kweli, anahamisha kikundi cha wanaoanza kutoka saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku ili kampuni fulani ipewe viwanja vyote vinne. "Dada, hawa wanalipa bei kamili," akaniambia, kidole kiko juu ya kitufe. Nikamshika mkono. Naandika kwa sababu najua hayuko peke yake.

1. Mchanga wa kapeti la nyasi bandia uwanjani upigwe brashi kabla ya kufungua milango. Ukirundikana kwenye kona za vioo, mtu anateleza na goti linateguka. Mipira iliyokufa itoeni kikapuni, mgeni asije akadhani ubovu ni wake.

2. Saa ya kwanza ya mgeni si ya smeshi, lile pigo la nguvu kutoka juu ya kichwa. Nawaona mnavyopenda kumwonyesha! Mwacheni kwanza aone mpira unadunda, unagonga kioo, unamrudia, ndipo aupige. Mchezo huu umesambaa kwa hilo: uwanja wa mita 20 kwa 10, mpira unaanzishwa chini ya kiuno, raketi haina nyuzi, na ukuta unakurudishia mpira ambao kwenye tenisi ungekuwa umeshakupita. Enrique Corcuera aliuanzisha nyumbani kwake Acapulco, Meksiko, mwaka 1969. Mwaka 1974 Alfonso de Hohenlohe akauleta Marbella. Tangu hapo Hispania iliukuza polepole, klabu kwa klabu, baba akimleta mwanawe. Uswidi tulitaka kuyapata hayo kwa miaka miwili.

3. Kikundi cha wanaoanza msikiguse. Hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 2021 nilikuwa kwenye ukumbi mmoja kusini mwa Uswidi, nashika ratiba ya viwanja sita. Wakati wa korona watu waliikimbilia padeli, maghala yakageuzwa kumbi, na saa za jioni zilikuwa zinaisha dakika chache tu baada ya kufunguliwa kwenye programu. Nikaamini hali itabaki hivyo.

Alhamisi saa kumi na mbili jioni nilikuwa na wanawake wanane, wengi wao wauguzi, wanatoka zamu na viatu vya kuchezea kwenye mifuko ya plastiki. Mpira ulikuwa unaishia wavuni mara nyingi kuliko ulivyovuka, na kila ukivuka walishangilia pande zote mbili. Walilipa bei ya kikundi. Kampuni moja ikaiomba saa ile kwa msimu mzima, bei kamili. Sikumuuliza mtu. Nikawatumia wale wanawake ujumbe wa mistari miwili: kuanzia wiki ijayo, saa tatu na nusu usiku. Mkubwa wao akaja mapokezini na mipira mitatu aliyokuwa ameazima, akaipanga mezani mmoja mmoja, akasema yeye huamka saa kumi na moja alfajiri, ahsante kwa yote. Hakunifokea. Laiti angenifokea. Wiki ya kwanza walikuja watatu, ya pili hakuja mtu.

Mwaka 2022 maisha yakarudi kama zamani, watu wakarudi kwenye safari zao, na bili ya umeme ikapaa. Kumbi zilikuwa nyingi kuliko wachezaji, zikaanza kufilisika moja baada ya nyingine. Ile kampuni ikavunja mkataba wake kwa barua pepe, nayo ya mistari miwili. Nikampigia simu yule mama. Akanijibu kwa upole kwamba siku hizi wanaogelea, Alhamisi, wote wanane.

Wetu nao ukafungwa. Nilikuwepo siku tulipofungua boliti za vioo. Tulibeba kioo kimoja kimoja hadi kwenye lori, na nyuma ya benchi la uwanja wa tatu nikaokota kibanio cha nywele. Ningewaacha mahali pao, pengine ukumbi ungefungwa vilevile, maana kodi ilikuwa kubwa. Lakini wale wanane nisingewapoteza, na hilo linaniuma mpaka leo.

4. Kamba ya raketi ivaliwe mkononi, hata na anayejiita mzoefu.

5. Anayekuja peke yake mtafutieni watatu. Msimwambie arudi na wenzake, hatarudi. Wekeni daftari lenye majina, kiwango, na siku anazoweza. Hapa Ujerumani viwanja vinajengwa sasa kwa kasi ninayoijua, na mapokezini nasikia maneno yale yale niliyoyasema mimi, ndiyo maana nawasumbua.

Kijana wa Mombasa amekirudisha kikundi kwenye saa yake. Jana nilimsikia kwenye simu, Kijerumani chake bado kinachechemea, anamtafutia mama mmoja wa miaka 60 mwenzake wa kusimama upande wa kushoto.