Kuhusu ulaji wa maua huku Mbeya
Ndugu, umeuliza kama ni kweli maua huliwa huku Mbeya au ni mbwembwe za hoteli tu. Ya maboga huliwa, tena hupikwa pamoja na majani yake kwa karanga. Ila chuma maua dume, yenye kikonyo chembamba kisicho na kiboga kichanga, la sivyo utakuwa umekula boga kabla halijazaliwa. Mashaka yangu mimi yako kwenye chikanda, chakula kinachotengenezwa kwa viazi vya okidi (mimea ya maua ya porini) vilivyopondwa na kuchanganywa na karanga, kwa kuwa soko lake kubwa liko Zambia na uchimbaji wa viazi hivyo umepunguza okidi za Kitulo, uwanda uliofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Ladha ya chikanda, kwa maoni yangu, haistahili hasara hiyo.