Anza na wanawake wa darini

Dada uliyemaliza Jane Eyre, ile riwaya ya Charlotte Brontë, ukauliza riwaya zinazohadithia upya vitabu vya zamani na zile za jamii za dini zinazoishi kivyao kama Waamishi: nakupa mbili, na zote zina wanawake darini.

Ya kwanza ni Wide Sargasso Sea ya Jean Rhys, 1966. Unamkumbuka Bertha wa kwenye Jane Eyre, mke wa Rochester, bwana anayependwa na Jane, aliyefungiwa juu ya nyumba, ambaye hapewi nafasi hata mara moja ajieleze? Rhys, mzaliwa wa Dominica, anamrudishia utoto wake. Kumbe anaitwa Antoinette, kakulia Jamaika watumwa walipokwisha kuachiwa huru, na hilo la Bertha kabandikwa na mume. Kuna usiku nyumba yao inachomwa moto. Kasuku wao, aliyepunguzwa mabawa na baba wa kambo, anajaribu kuruka, anaanguka huku anawaka. Hapo nilifunga kitabu nikatoka nje kwanza. Ni kifupi ila usikikimbize, maana sehemu ya pili anayesimulia zaidi ni mume, na usipokuwa makini utapotea.

Ya pili ndiyo iliyonishika: Women Talking ya Miriam Toews, 2018. Toews amekulia Steinbach, mji wa Wamennonite, Wakristo walio ndugu wa Waamishi kiimani, huko Manitoba, Kanada. Kisa kimetokana na jambo la kweli. Katika koloni moja, yaani makazi ya kujitenga, ya Wamennonite nchini Bolivia, kati ya 2005 na 2009, wanawake na watoto wa kike waliamka asubuhi wana maumivu na damu, wakaambiwa ni mashetani. Walikuwa ni wanaume wa humohumo, wakiwapulizia dawa ya usingizi ya mifugo na kuwabaka. Riwaya ni siku mbili tu: wanawake wanane wamepanda darini kwenye banda la nyasi, waamue wanyamaze, wapigane au waondoke. Hawajui kusoma, kwa hiyo kura inapigwa kwa michoro.

Mimi ni wa Mara, Tanzania, ambako wamisionari wa Kimennonite walifika Shirati mwaka 1934. Bibi yangu alikuwa na kitambaa chake cheupe cha kichwani. Alikifua peke yake kwenye karai dogo na kukianika ndani, vumbi lisikiguse. Nilifungua kitabu nikiogopa kukuta watu wa aina yake wanadharauliwa. Badala yake nikakuta wanawake wanatawadhana miguu kabla ya kuanza kikao, kama tulivyofanya sisi siku ya Meza ya Bwana. Wanabishana kuhusu kusamehe, na imani yao hawaiachi. Nililia. Kama wewe au mtu wako amepitia ukatili wa namna hiyo, kisome taratibu, tena mchana.

Ukitaka zaidi, James ya Percival Everett, 2024, inampa usemi Jim, yule mtumwa wa kwenye Huckleberry Finn ya Mark Twain. Demon Copperhead ya Barbara Kingsolver imehamishia David Copperfield, riwaya ya Charles Dickens, kwenye milima ya Virginia, Marekani. Ni nene, iache mwisho.

Filamu ya Women Talking ilitoka 2022, lakini soma kitabu kwanza. Kwenye filamu msimulizi ni binti. Kitabuni ni mwalimu wa kiume, August, aliyeombwa aandike kumbukumbu za kikao ambazo wenye kikao hawawezi kuzisoma. Ukikisoma, jiulize Ona, mmoja wa wale wanawake wanane, alimwomba aandike ya nini. Mimi nilielewa kurasa za mwishoni kabisa.