Kabla ya kununua kamera, uliza nani atafungua faili zake

Kijana mmoja wa Likasi ameniandikia wiki hii: "Jambo yaya. Nimepiga ndoa nzima kwa RAW na kamera mpya, faili zote zimeandikwa CR3. Lightroom 6 yangu inazikataa. Fundi wa kompyuta anasema kadi imeharibika. Wenye ndoa wananipigia simu asubuhi na jioni. Nisaidie."

Kadi haijaharibika, na kamera ni nzima. Kwa mgeni wa mambo haya: RAW ni faili ghafi, mwanga kama kamera ilivyoupokea kabla haujapikwa kuwa picha; CR3 ni RAW ya kamera mpya za Canon; Lightroom ni programu ya Adobe ya kuzifungua na kuzirekebisha. Nimemjibu usiku uleule, lakini nataka kulisema hapa kwa kirefu, maana najua wengi mnaonisoma mnatafuta kile ninachokitafuta mimi: kuishi kwa kamera hapa Lubumbashi, kulipwa kama fundi na siyo kama mtu wa kubonyeza tu, na siku moja kuona picha zenu zimetundikwa kwenye Biennale, yale maonyesho makubwa ya sanaa ya mji wetu. Hatufiki huko kama hatujui faili zetu zinafunguliwa na nani.

Tuanze na tatizo lake. Lightroom 6 ilitoka mwaka 2015, na ndiyo ya mwisho ambayo Adobe waliiuza ukalipa mara moja ikabaki yako. Sasisho lake la mwisho lilitoka Desemba 2017. Canon wakaleta CR3 mwanzoni mwa 2018, pamoja na kamera ya EOS M50, kuchukua nafasi ya CR2 iliyokuwapo tangu 2004. Programu ilikuwa imeshafungwa kabla faili haijazaliwa. Tena CR3 si CR2 iliyobadilishwa jina. CR2 ilijengwa juu ya TIFF, ile fomati kongwe ya picha. CR3 imejengwa juu ya msingi mmoja na video za MP4. Hata darktable, programu ya bure inayotengenezwa na watu wanaojitolea, ilianza kuzisoma Desemba 2021, katika toleo la 3.8. Simlaumu fundi kwa kutojua hayo. Namlaumu kwa kutamka kwa uhakika kitu asichokijua, mbele ya kijana mwenye ndoa ya watu mkononi.

Sasa, kwa nini watengenezaji wanatufanyia hivi? Nimelifuatilia swali hili kwa miaka, na jibu langu halijabadilika: kampuni ya kamera huchagua fomati kwa kuangalia kamera inayotoka mwaka huu. Picha utakayoitafuta baada ya miaka ishirini haimo katika hesabu yao. Sensa mpya, yaani kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga, huja na data mpya, na wahandisi hawataki kumsubiri mtu wa nje awape pa kuziandika. Ndani ya faili huweka pia mambo yao ya ndani: jinsi lenzi inavyopinda mistari, fokasi ilikaa wapi, ngozi ya mtu ipate rangi gani kwa jicho lao. Ndiyo sababu picha iliyokupendeza kwenye kioo cha kamera huonekana imepauka ukiifungua RAW yake katika programu ya kampuni nyingine. Haijaharibika. Mapishi ya rangi ya mtengenezaji hayakufuata.

Kuna wakati mambo haya yaliletea ugomvi wa wazi. Mwaka 2005 ilijulikana kwamba Nikon, katika kamera yao ya D2X, wameifunga kwa msimbo ndani ya faili mizani ya weupe, ile inayofanya kitu cheupe kionekane cheupe chini ya mwanga wowote. Thomas Knoll, mmoja wa waliounda Photoshop, akalalamika hadharani. Nikon wakajibu kwamba vifaa vya kuzisoma faili zao wanavitoa kwa watengenezaji wa programu waliowakubali. Mimi nikisoma jibu lile hadi leo moyo unanichemka, kwa sababu aliyesimama juani kuipiga picha hakutajwa popote.

Adobe walikuwa wameshatoa DNG tarehe 27 Septemba 2004, fomati ya wazi ambayo kampuni yoyote inaweza kuitumia bila kulipa. Pentax wakakubali: kamera yao ya K10D ya 2006 ilimwachia mpiga picha achague kati ya PEF yao na DNG. Leica wakaiweka DNG kwenye kamera yao ya M8 mwaka huohuo. Android ikaipokea mwaka 2014 na iPhone mwaka 2016, kwa hiyo simu iliyo mfukoni mwako huenda inaijua DNG kuliko kamera yako ya bei. Canon, Nikon na Sony wamebaki na zao: CR3, NEF, ARW. Naelewa pia upande wao. Anayewaambia waingie DNG ndiye anayeuza Lightroom, na hakuna mfanyabiashara anayependa kujenga nyumba katika kiwanja cha mwenzake.

Upande wa programu, kumbukeni kwamba biashara ya kampuni hizi ni lenzi na kamera. Programu huitoa bure, na mara nyingi huagiza itengenezwe na wengine. Fujifilm na Panasonic waliwapa wateja Silkypix, ya Ichikawa Soft Laboratory ya Japani. Sony walitoa Capture One Express, toleo dogo ambalo ukitaka zaidi unalipa. Canon wana Digital Photo Professional yao wenyewe. Nikon walitengenezewa Capture NX na Nik Software. Google wakainunua Nik mwaka 2012, na kufikia 2014 Capture NX 2 ikaachwa, ikaja NX-D ambayo haikuyasoma marekebisho yaliyofanywa ndani ya NX 2. Aliyekuwa ameweka kazi yake yote humo alibaki na NEF zake tupu. Mwaka 2021 ikaja NX Studio, nayo ni nzuri, naisifu. Lakini mmeona mwendo wenyewe.

Wa Fujifilm ninawapongeza kwa jambo moja. Mwaka 2017 walitoa X Raw Studio: unaunganisha kamera na kompyuta kwa waya wa USB, na kazi ya kuichakata RAW inafanywa na kamera yenyewe. Kwa sisi wenye kompyuta zilizochoka, hilo ni jambo la maana sana. Kamera iwe ya aina ileile iliyopiga picha, na betri iwe imejaa, basi.

RAW ni unga, JPEG, ile picha ya kawaida iliyo tayari kutumwa, ni bukari iliyokwisha kusongwa. Nilimwambia hivyo patroni wangu wa kwanza, mwenye studio mjini katikati, akanicheka mbele ya wateja.

Naomba mniruhusu nilisimulie, kwa sababu bado linaniuma. Nilikuwa msaidizi pale, na Nikon D70 yangu ya mkono wa pili, megapikseli 6. Patroni alipiga JPEG tu. Mimi nilipiga NEF, RAW ya Nikon, na kila Jumatatu alinipigia kelele kwamba najaza diski yake kwa takataka. Nikajinunulia diski yangu kwa pesa ya usafiri, nikawa natembea kutoka kazini hadi nyumbani Kamalondo. Akasema, mbele ya vijana wengine, "Chukua takataka zako uende nazo." Baadaye jina langu likatoka kwenye orodha ya ndoa kubwa. Nilibakizwa kwenye picha za pasipoti. Hakuna aliyenitetea, na wengine kati yao leo wananiomba niwafundishe.

Mwaka huu familia moja imekuja kwangu. Mzee wao, mstaafu wa Gécamines, kampuni ya migodi, amefariki, na picha waliyoipenda ilipigwa kwenye ndoa ya binti yake enzi zile za studio. Studio haikuwa na kitu. Walikuwa na CD iliyochubuka, na ndani yake JPEG ya patroni: mzee amekaa chini ya turubai, kofia imemfunika uso kwa giza, koti jeupe limeungua kwa jua la nyuma. Mtu akawaambia kwamba kuna dada mmoja aliyekuwa na tabia ya kutunza.

Nilikuwa nayo. Mzee yuleyule, kiti kilekile, nimesimama hatua moja kushoto kwa patroni. NEF ikafunguka ndani ya darktable bila swali. Nikapunguza mwanga wa jumla hadi koti likaanza kuonyesha mikunjo yake, kisha nikainua giza la uso taratibu. JPEG ina ngazi 256 kwa kila rangi. Sensa ya D70 inaandika kwa biti 12, nafasi ya ngazi 4,096 kabla ya kubanwa. Tofauti hiyo ndiyo ilikuwa imemhifadhi mzee. Macho yakatoka, ndevu nyeupe za kidevuni zikatoka. Kwenye kola, pale ambapo CD ilionyesha doa jeupe tu, kulikuwa na nishani yake ya kazi. Mama mjane akaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta yangu, akasema, "Ile ndiyo waliyomvika mwaka aliostaafu." Picha tuliichapisha kubwa, ikawekwa kwenye kilio. Walinilipa bila kuomba nipunguze hata franka moja.

Najivunia, na sifichi. Nawaambia tu wadogo zangu: msikubali kuchekwa kuwabadilishe. Anayewaambia RAW ni takataka hana mzee wenu katika hesabu yake, kama vile kampuni ya kamera isivyokuwa naye. Wewe ndiye mtunzaji. Mteja hajui CR3 wala NEF, anakuamini wewe. Kama huna uhakika wa kuifungua picha yake kesho, ulimwahidi nini leo?

Kwa hiyo kabla ya kutoa dola zenu, muulizeni muuzaji kamera hii inaandika faili gani, halafu ifungueni moja katika kompyuta yenu, siyo katika yake. Pigeni picha moja dukani, nendeni nayo nyumbani kwenye kadi yenu. Ikifunguka, nunueni. Isipofunguka, tafuteni kwanza programu, kisha kamera. Nasema tena: programu kwanza. Na asili msifute. Ukigeuza kuwa DNG, tunza DNG, lakini na ile ya mtengenezaji itunze, kwa sababu huenda kigeuzi kikaacha kitu ambacho programu ya baadaye itakihitaji. Diski mbili, nyumba mbili. Ni gharama, najua. Mimi niliilipa kwa miguu.

Sasa wewe wa Likasi. Nakili kadi yote kwanza, usiguse kitu kingine. Pakua Adobe DNG Converter, itakayogeuza CR3 zako kuwa DNG; ni ya bure, ila ni nzito, usiishushe kwa mega za siku; tafuta mahali penye intaneti ya kweli. Toleo jipya halikubali Windows 7, kwa hiyo kama kompyuta yako bado iko huko, azima nyingine. Ndani ya mipangilio yake chagua ulinganifu wa Camera Raw (kisoma RAW cha Adobe) 7.1 na kuendelea, geuza picha moja, ijaribu katika Lightroom 6 yako, ndipo ugeuze ndoa nzima, usiku, wakati umeme umetulia. Ukishindwa, chukua Digital Photo Professional 4 ya Canon. Mara nyingi watakuomba namba ya kamera, iko chini ya mwili wake.

Na wenye ndoa usiwaache na kimya. Tazama kwenye menyu ya kamera yako pale pa kuchakata RAW: kamera nyingi za Canon hugeuza RAW kuwa JPEG zenyewe, bila kompyuta. Chagua kumi nzuri, bibi harusi na mama yake wawemo, ziweke kwenye simu, uwatumie kwa WhatsApp leo hii. Watakuachia hadi Jumamosi.