Mpira wa kusafishia damu kuwekwa na daktari wa radiolojia: inakuwaje?

SWALI: Daktari, mama yangu figo zimefeli, anasafishwa damu kwa mpira wa shingoni. Tumeambiwa aende kwa daktari wa tiba radiolojia akawekewe mwingine wa kifuani, kwa ganzi tu. Mtu wa kupiga picha anafanyaje upasuaji?

JIBU: Pole kwa kuuguza. Huyo si msomaji wa eksirei tu. Tiba radiolojia ni ubingwa wa kutibu kwa kuongozwa na picha, na pale Muhimbili chuo cha MUHAS kilianza kuwafundisha mabingwa hao mwaka 2019.

Kwa ultrasaundi anauona mshipa kabla hajauchoma: uko wazi au umeziba kwa damu iliyoganda, na ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) iliyo jirani iko wapi. Sindano ikiingia anapitisha waya mwembamba, anaitoa sindano, kisha mpira unafuata waya. Njia hii aliibuni Sven-Ivar Seldinger wa Sweden mwaka 1953, na mpaka leo ndiyo tunayoitumia. Ncha ya mpira anaifuatilia kwenye skrini ya eksirei mpaka itue chumba cha juu cha kulia cha moyo. Ikibaki juu mno, damu haivutiki vizuri na mashine italia alamu kila mara. Tunapenda shingo upande wa kulia kwa sababu mshipa wake unashuka moja kwa moja hadi moyoni. Wa kushoto una kona.

Mpira alio nao mama unatoka kwenye ngozi na kuzama mshipani papo hapo, kwa hiyo vijidudu vina njia fupi, nao haufai kukaa zaidi ya wiki mbili. Huo mpya utapita kwanza chini ya ngozi ya kifua ndipo uingie mshipa wa shingoni, na una kipete cha nyuzi ambacho nyama hukishika baada ya wiki chache. Kwa kazi hii ganzi inatosha. Mwenye hofu huongezewa dawa ya kumtuliza.

Kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, semeni mapema, wala msizisimamishe wenyewe. Akirudi nyumbani, kidonda kisilowe. Homa, au kutetemeka akiwa kwenye mashine, ni hospitali siku hiyohiyo.

Jambo moja naona hamkuambiwa: ulizeni habari ya fistula ya mkononi, yaani ateri kuunganishwa kwa upasuaji na mshipa unaorudisha damu moyoni, ili asafishiwe damu hapo. Kwa wagonjwa wengi ndiyo njia salama zaidi kwa muda mrefu, ila huchukua wiki kadhaa, pengine miezi, kukomaa. Kwa sasa mkono asioutumia sana usichomwe dripu wala kutolewa damu ya vipimo. Mishipa yake itahitajika.