Mtoto wa Mbwa na Safari ya Siku Tatu Milimani: Maswali ya Wasomaji

Likizo ya Desemba ikikaribia, barua zinazotoka Arusha na Moshi huwa na swali moja kwa sura nyingi: twende na mtoto wa mbwa au abaki nyumbani? Tumechagua tano. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu ina karibu kila kosa linaloweza kumgharimu kijibwa miguu yake, au uhai.

SWALI: Habari za kazi. Nina dume wa miezi mitatu na nusu, mama yake German Shepherd, baba mbwa wa kienyeji. Ana kilo 9 na nguvu zake haziishi. Amechanjwa mara mbili. Wiki mbili zijazo tunatoka Mwanga kwenda milima ya Usangi kwa miguu, siku tatu, kilomita 12 hadi 15 kwa siku, tukilala kwenye mahema. Niende naye? – Dada wa Njiro, Arusha

JIBU: Dada, kwa mpango huo, usiende naye. Ukiubadilisha mpango, na ukisubiri wiki chache, atakwenda.

Tuanze na chanjo. Mtoto wa mbwa hupata kinga ya mama kupitia dang'a, na kinga hiyo hupungua taratibu. Ikiwa bado ipo, huiua chanjo kabla haijafanya kazi. Ndiyo maana daktari wa mifugo huanza kuchanja wiki ya 6 hadi ya 8, akarudia kila wiki 3 au 4, na ya mwisho huichoma mbwa akiwa na wiki 16 au zaidi. Wako ana wiki kama 15. Chanjo inayohesabika kuliko zote hajaipata. Virusi vya parvo hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi, na njia za vijijini hupitwa na mbwa wengi ambao hawajawahi kuona sindano. Kijibwa ananusa kinyesi kikavu Jumamosi, Alhamisi anatapika na kuharisha damu. Subiri wiki mbili baada ya chanjo ya mwisho. Hakikisha pia amechomwa ya kichaa cha mbwa, ambayo hutolewa kuanzia miezi mitatu, na umuulize daktari kama chanjo yake ina kinga ya homa ya mgunda. Huo ndio ugonjwa uliozuka Lindi mwaka 2022, na mbwa huupata kwa kunywa au kukanyaga maji yaliyochafuliwa na mkojo wa panya na wanyama wengine.

La pili ni mifupa. Kwenye ncha za mifupa mirefu ya mtoto wa mbwa kuna gegedu laini ambalo ndilo linalorefusha mguu. Halijawa mfupa, kwa hiyo linaumia kwa uzito na mishtuko ambayo mbwa mzima haisikii. Kwa mbwa wa wastani gegedu hilo hufunga akikaribia mwaka mmoja. Kwa mwenye damu ya German Shepherd, hesabu mwaka na nusu. Likiumia upande mmoja, mguu huota ukiwa umepinda. Hatari kubwa iko kwenye kushuka kuliko kupanda: kuruka kutoka kwenye ngazi za shamba, kuteremka kwenye mawe, kuteleza kwenye udongo mwekundu baada ya mvua za vuli. Uzito wote unaangukia miguu ya mbele.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui mpaka wamechelewa. Mtoto wa mbwa hakuambii amechoka. Anakupenda, anafuata. Atalala chini, utamwita, atasimama na kutikisa mkia, nawe utadhani bado anaweza. Mtazame kwa karibu: ulimi umetoka na ncha yake imepanuka kama kijiko, mapaja ya nyuma yanatetemeka akisimama, anachagua kivuli, anakaa kila mnapoongea. Ukiona mojawapo, matembezi yake ya siku hiyo yamekwisha. Asubuhi inayofuata mshike kifundo cha mguu wa mbele, juu kidogo ya kiganja. Kikiwa cha moto au kimevimba, apumzike siku nzima.

Mpango tunaoupendekeza, akifika miezi mitano, ni huu. Pandeni Usangi kwa gari. Wekeni kambi mahali pamoja kwa siku zote tatu, kwa ruhusa ya uongozi wa kijiji, na mtembee mkirudi palepale. Kijibwa atembee kwa miguu yake dakika 20 hadi 25 asubuhi na nyingine kama hizo jioni, kwa mwendo wake, akinusa na kusimama anapotaka. Kuna kanuni inayosemwa sana, dakika tano kwa kila mwezi wa umri; si sheria ya kisayansi, lakini ni kipimo kizuri cha kukuzuia usizidishe. Muda uliobaki abebwe. Kanga mbili zilizofungwa kama mbeleko, kifuani, zinatosha kumbebea. Makalio yakae ndani ya kitambaa, miguu ya nyuma isining'inie, kichwa kiwe nje. Kila dakika 15 tia mkono ndani uone kama amepata joto. Kufikia miezi mitano anaweza kuwa na kilo 15, kwa hiyo mpokezane, na mteremko wote abebwe. Kama hakuna wa kumbeba, mmoja wenu abaki naye kambini. Hilo si jambo la kuona aibu.

Kabla ya hapo, simika hema uani Njiro usiku mbili au tatu, alale ndani pamoja nawe. Mzoeshe mkanda wa kifuani badala ya wa shingoni, na kamba ya mita 10 unapomfundisha kurudi akiitwa. Anayefukuza kuku wa watu bado hajawa tayari kwa safari.

Usiku asifungwe nje, hata kama ni kwenye kibaraza. Chui na fisi wapo kwenye misitu ya milima yetu, na chui hupenda kuwinda mbwa. Chini yake weka godoro la sponji au mkeka na blanketi, kwa sababu baridi kali hutoka ardhini. Akilowa, mkaushe kabla ya kulala. Mtoe akojoe kila baada ya saa tatu au nne, akiwa kwenye kamba, na umulike kwanza: siafu wakipita kambini, mtoto wa mbwa aliyefungwa hawezi kujiokoa.

SWALI: Ninaweza kumpandisha mbwa wangu Kilimanjaro hadi kambi ya Mandara tu, bila kuendelea? – Kaka wa Soweto, Moshi

JIBU: Hapana, kaka. Wanyama wafugwao hawaruhusiwi ndani ya hifadhi za taifa, iwe Kilimanjaro au Arusha kuelekea Meru, na msitu wa asili unaozunguka mlima nao ni sehemu ya hifadhi. Sababu ni ya msingi: mbwa hupeleka distempa (ugonjwa wa virusi wa mbwa) na kichaa kwa wanyamapori, na simba na mbwa mwitu wamekwisha kufa kwa magonjwa hayo katika nchi yetu. Tembea kwenye vihamba, njia za migomba na kahawa za Uru na Marangu chini ya msitu. Kwenye misitu ya hifadhi mingine uliza ofisi ya misitu ya wilaya kabla ya kufika.

SWALI: Tukitoka porini mtoto wa mbwa wetu hurudi na kupe wengi. Jirani amenipa dawa ya kuogeshea ng'ombe, niipunguze kwa maji kiasi gani? – Mama wa Kiboriloni, Moshi

JIBU: Mama, shikamoo. Usiipunguze kwa kiasi chochote. Usiitumie kabisa. Baadhi ya dawa za josho ni za jamii ya oganofosfati au ni amitrazi, sumu za kuua wadudu zinazoathiri mishipa ya fahamu. Ngozi ya kijibwa ni nyembamba, ini lake bado changa, na atajilamba. Utaona mate yakitiririka, machozi, misuli ikichezacheza, kuharisha, kisha anashindwa kusimama. Kama umeshampaka, muoshe sasa hivi kwa sabuni ya kuoshea vyombo na maji mengi, ukiwa umevaa glavu, umkaushe na kumpeleka kwa daktari pamoja na chupa ya dawa ili asome kilichomo.

Kinachofaa ni vidonge au matone ya mgongoni yaliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa. Mengi huanza kwenye wiki 8 na uzito wa kilo 2, lakini soma kifungashio, umpime kwenye mizani na usikadirie kwa macho. Mpe siku mbili kabla ya safari. Hata hivyo mkague kila jioni, maana dawa nyingi huua kupe akishauma. Anza ndani ya masikio, chini ya mkanda, kwapani, kisha panua vidole kimoja kimoja. Hapo ndipo wadogo kama mbegu ya ufuta hujificha. Shika kupe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja bila kumzungusha. Usimpake mafuta ya taa wala kumchoma kwa kiberiti, kwani akisumbuliwa hutema mate zaidi kwenye damu. Ndani ya wiki mbili hadi tatu baadaye, ukiona ufizi umepauka, mkojo wa rangi ya chai ya rangi, homa na kukataa chakula, ni homa ya kupe mpaka daktari aseme vingine.

Mkiwa kwenye vidole hapo, tafuteni na funza: kidoa cheusi katikati ya uvimbe mweupe, kwenye nyayo. Vibanda vya vumbi vinao sana.

SWALI: Maji na chakula kiasi gani kwa siku? Na kama joto likimzidi? – Kijana wa Moshono, Arusha

JIBU: Akiwa ametulia, mtoto wa mbwa anahitaji mililita 60 za maji kwa kila kilo yake. Kwenye matembezi fanya mara mbili. Mwenye kilo 10, basi, beba lita moja na robo kwa siku, yake peke yake, mpe kidogo kidogo kila dakika 15. Maji ya mfereji yachemshwe. Mbwa naye huumwa tumbo.

Chakula kiwe kilekile anachokula nyumbani. Kubadilisha ghafla ndiyo sababu ya kwanza ya kuharisha safarini. Ongeza robo ya kiasi chake, ukigawe mara nne, na beba cha siku moja ya ziada. Kama anakula ugali na dagaa, dagaa wasiwe wa chumvi. Akimaliza kula apumzike saa nzima kabla ya kutembea.

Kuhusu joto: tembea kati ya saa 12 na saa 4 asubuhi, kisha baada ya saa 10 jioni. Weka mgongo wa mkono wako ardhini kwa sekunde saba. Ukishindwa kuvumilia, nyayo zake pia zitashindwa. Mbwa hujipoza kwa kuhema, hatoi jasho kama wewe. Ufizi mwekundu sana, mate mazito ya kunata, kuyumba: huo ni msiba unaoanza. Mmwagie maji yoyote uliyo nayo, tumboni, kwapani na kwenye mapaja, mpepee, na uendelee mpaka kipimajoto cha njia ya haja kubwa kishuke hadi nyuzi 39.5. Usimfunike kwa taulo lenye maji, linazuia joto lisitoke. Poza kwanza, ndipo umkimbize kwa daktari, hata akionekana amepona, kwa sababu figo na damu huharibika saa kadhaa baadaye.

SWALI: Niweke nini kwenye mfuko wa huduma ya kwanza? Nimeambiwa panado inatosha kwa maumivu. – Msomaji wa Rau, Moshi

JIBU: Panado iondoe, na diklofenaki na ibuprofeni pia. Dawa hizi za binadamu huharibu ini, figo au tumbo la mbwa, na kwa mtoto wa mbwa kidonge kimoja kinaweza kutosha kumuua. Mpate daktari akuandikie ya mbwa, kwa uzito wake, kabla hamjaondoka. Weka kibano, mkasi, bandeji mbili na pamba, mafuta ya mgando kwa nyayo zilizopasuka, kipimajoto, chupa ndogo ya maji ya chumvi ya hospitali, soksi ya mtoto ya kufunika mguu wenye jeraha, na cheti cha chanjo. Maji ya chumvi ni ya macho: swila akimtemea, suuza kwa dakika 15 bila kusimama, ukimaliza chupa endelea na maji safi ya kunywa. Vyakula vya kufungia mbali ni zabibu, chokoleti, vitunguu, makadamia, mifupa ya kuku iliyopikwa, na kokwa la parachichi ambalo hukwama utumboni.

Mwisho, andika kwenye cheti hicho namba ya daktari wa mifugo wa huko mnakokwenda, si wa Moshi tu. Mbwa mgeni akimuuma kijibwa wako, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, umpeleke kwa daktari huyo siku hiyohiyo. Mbwa akimuuma mtu, osha jeraha vivyo hivyo, kisha mtu huyo aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni mkwaruzo.